Risoto ya Samaki, Jikoni Busia

Mpishi wa Busia haishi mbali na mpunga wala samaki. Upande wa Kenya, skimu ya Bunyala hunyweshwa na mto Nzoia; upande wa Uganda, mashamba ya Doho, wilayani Butaleja, hutegemea mto Manafwa. Ziwa Viktoria hutoa sangara, anayeitwa pia mbuta, na ngege.

Risoto, wali mzito unaopikwa kwa supu, ilikulia kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la mto Po, ambako mpunga umelimwa tangu karne ya 15. Waitaliano hutumia Arborio au Carnaroli, mchele wa punje nene wenye wanga mwingi. Asiyeupata achague mchele mfupi na mnene, na asiuoshe: wanga ndio unaofanya mchuzi uwe mzito.

Kwa watu wanne, chemsha kichwa na mifupa ya sangara pamoja na kitunguu na karoti kwa nusu saa, kisha chuja. Supu ibaki moto. Kaanga kitunguu kilichokatwa vidogo, tia gramu 300 za mchele, ukoroge dakika mbili. Ongeza supu upawa mmoja mmoja, ukikoroga mara kwa mara, kwa dakika 18 hivi. Supu yote inaweza kufika lita moja.

Minofu ya samaki huingia dakika tano za mwisho, isije ikasambaratika. Epua, changanya siagi kidogo na ndimu. Kwa desturi ya Italia, risoto ya samaki haiwekwi jibini. Iliwe papo hapo, kabla haijaganda.