Nyuzi za kidonda zitolewe lini?

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea bintiye wa miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa ameteleza kwenye ngazi za ploti wanamoishi akapasuka shavu. Alishonwa nyuzi sita siku iyo hiyo, tena kazi safi kabisa, na mama akaambiwa amrudishe baada ya wiki mbili ili zitolewe. Kwa kuwa tarehe hiyo iliangukia katikati ya mitihani ya shule, walifika kwangu siku ya 17.

Kidonda chenyewe kilikuwa kimepona vizuri, mstari mwembamba ambao ungehitaji mwanga mzuri kuuona. Lakini kila upande wa mstari huo palikuwa na vitundu sita vyenye wekundu, na nyuzi zilikuwa zimezama ndani ya ngozi hata ikawa shida kuzishika. Nilipozitoa, zilibaki alama zilizoukatiza ule mstari mfano wa mataruma ya reli. Mama akaniuliza, "Daktari, hizi nazo zitaisha?"

Nilimjibu kwamba zitafifia sana lakini huenda zisiishe zote. Alishangaa, kwa maana alidhani kila alama usoni pa mtoto ililetwa na ajali. Mstari, naam, uliletwa na ajali. Vile vitundu vililetwa na nyuzi zilizokaa kupita siku zake. Na sikuweza kumlaumu aliyempa tarehe hiyo, kwa sababu katika mwaka wangu wa mafunzo ya hospitalini baada ya chuo, mimi pia nilikuwa na tarehe moja tu kwa wagonjwa wote. Goti, kichwa, kidevu, wote niliwaandikia "wiki mbili". Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyenivuta kando na kuniuliza kama uso wangu ningeuandikia vivyo hivyo.

Ili msomaji aelewe kwa nini siku zina uzito huu wote, yafaa ajue uzi unafanya kazi gani. Uzi hauponyi kidonda. Kazi yake ni kushikilia kingo mbili zisiachane wakati mwili unapojishona wenyewe. Ndani ya siku moja au mbili seli za ngozi ya juu huanza kutambaa kutoka kila ukingo hadi zikutane, na kidonda kilichoshonwa vyema hufunga juu mapema. Chini yake mwili huanza kutengeneza kolajeni, zile nyuzinyuzi za asili zinazoipa ngozi nguvu, na kazi hii ya pili huchukua miezi.

Tatizo ni kwamba zile seli zinazotambaa hazijui tofauti kati ya kidonda na tundu la sindano. Zikikuta uzi umepita kwenye ngozi, hushuka kando yake na kulizungushia tundu hilo ngozi mpya, kama fundi anayepiga plasta ndani ya bomba. Uzi ukiondolewa mapema, kijibomba hicho hakijajengeka na tundu hujifunga bila kuacha dalili. Ukichelewa, kijibomba hubaki na kuwa kovu dogo la duara. Tena kidonda huvimba kidogo siku za kwanza, na uzi uliokazwa sana huikata ngozi iliyo chini yake. Huo ndio mwanzo wa yale mataruma. Kwa jumla, uzi unaotolewa kabla ya siku ya saba ni nadra kuacha alama yake. Ukifika siku ya 14, alama karibu haziepukiki.

Basi kwa nini tusizitoe zote siku ya tano? Kwa sababu kidonda cha wiki moja ni dhaifu kuliko kinavyoonekana. Nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ngozi nzima. Baada ya wiki sita huwa imefika takriban nusu, na hata baada ya miezi mitatu hufika asilimia 80 hivi na kuishia hapo. Ngozi iliyowahi kukatwa hairudii nguvu yake yote kamwe. Nina mgonjwa mmoja, kijana mcheza kandanda, aliyekatwa gotini na kushonwa. Siku ya saba aliona kidonda kimekauka, akachukua wembe akakata nyuzi mwenyewe, na Jumamosi akaingia uwanjani. Goti lilipokunjwa kwa nguvu kidonda kilifunguka chote. Safari hiyo hakikuweza kushonwa tena, ikabidi kiachwe kijazike chenyewe kutoka chini kwa wiki kadhaa, na kovu alilo nalo leo ni pana kama kidole.

Kwa hiyo daktari hupima mambo mawili yanayovutana: alama za nyuzi kwa upande mmoja, na hatari ya kidonda kuachama kwa upande mwingine. Kinachoamua ni mahali kidonda kilipo. Uso hupata damu nyingi mno na hupona upesi, na ngozi yake haivutwi sana. Nyuzi za kope hutolewa kati ya siku ya tatu na ya tano, za sehemu nyingine za uso siku ya tano hivi, na za shingo siku ya tano hadi ya saba. Kichwani penye nywele na mikononi husubiriwa siku saba hadi kumi. Kifua na tumbo ni kama siku kumi. Mgongo, miguu, viganja na nyayo ni kati ya siku 10 na 14, na kidonda kilicho juu ya kiungo kinachokunjwa, kama goti au kiwiko, kisiguswe kabla ya siku ya 14 ila kwa sababu maalumu. Hesabu huanza siku inayofuata ile ya kushonwa.

Hesabu hizi ni za mtu mwenye afya njema. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mwenye lishe duni na mvutaji sigara hupona polepole, na huenda akaongezewa siku. Kidonda kikiingia viini mambo hubadilika pia. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi yenye joto na wekundu unaoenea, usaha au homa, haya si ya kungojewa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi siku hiyo hiyo. Mara nyingi hulazimu nyuzi moja mbili zitolewe mapema ili usaha upate njia.

Wagonjwa wengi huniambia walidhani nyuzi "zitayeyuka zenyewe". Ziko zinazoyeyuka, na siku hizi hutumiwa kushonea tabaka la ndani la ngozi, baada ya tohara, na hata usoni mwa watoto ili wasisumbuliwe mara ya pili. Vidonda vingi vya mama waliojifungua kwa upasuaji hushonwa hivyo. Lakini stichi nyeusi au za buluu unazoziona zikichomoza juu ya ngozi aghalabu ni za nailoni au hariri, na hizo hutolewa kwa mkono. Kabla hujaondoka mahali uliposhonwa, uliza mambo matatu: ni uzi wa aina gani, ni nyuzi ngapi, na zitolewe tarehe ngapi. Idadi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nimewahi kutoa uzi mmoja uliosahaulika nyuma ya sikio la mzee mmoja kwa miezi minne, naye alikuwa ametibiwa "jipu" hapo mara mbili.

Kuna wakati mgonjwa huchelewa bila kosa lake. Katika mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, watu walifika kwenye kliniki yangu na nyuzi za wiki tatu, za wiki nne, kwa sababu walipozoea kwenda hapakuwa na mtu. Likitokea jambo kama hilo, usikate tamaa na kukaa nyumbani. Kutoa nyuzi ni kazi ya dakika chache ambayo muuguzi yeyote wa zahanati au afisa wa kliniki anaifanya, si lazima awe yule aliyekushona, wala hospitali ile ile.

Kazi yenyewe haiumi sana. Huhisiwa kama mchubuko mdogo au kuvutwa unywele. Kidonda husafishwa, fundo huinuliwa kwa kibano, uzi hukatwa karibu kabisa na ngozi upande mmoja, kisha huvutwa kuelekea kwenye mstari wa kidonda ili kingo zisiachanishwe. Sehemu iliyokaa nje, ambayo ina uchafu, haipitishwi ndani. Mtaalamu makini hutoa kwanza uzi mmoja na kuuacha wa pili, kisha huangalia. Kingo zikianza kuachana, husimama hapo na kukuambia urudi siku mbili baadaye. Uamuzi huo ndio unaokosekana mtu anapojitolea mwenyewe mbele ya kioo.

Baada ya nyuzi kutoka, kidonda kimepoteza mshikizi wake na bado ni dhaifu, hasa usoni tulipozitoa mapema. Hapa ndipo plasta nyembamba za karatasi zinapofaa. Hubandikwa kukatiza mstari, huachwa zijibandue zenyewe, na kubandikwa nyingine kwa wiki kadhaa. Ni za bei nafuu katika duka lolote la dawa, na kwa maoni yangu zinasaidia kuliko nyingi ya krimu za makovu zinazotangazwa.

Kuhusu usafi, ile desturi ya kukiacha kidonda kikauke na kufanya gamba gumu imepitwa na wakati. Baada ya siku moja au mbili kidonda kilichoshonwa chaweza kuoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kikaushwe kwa kugusagusa, kisha kipakwe safu nyembamba ya Vaseline. Kidonda chenye unyevu hupona vizuri zaidi. Spiriti, majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vya antibiotiki, vyote hivi nimevikuta juu ya vidonda, na vyote huchelewesha kupona au huchubua ngozi mpya.

Kovu jipya huwa na wekundu au weusi na huweza kuinuka kidogo katika miezi ya kwanza. Halijakomaa. Hulainika na kubadilika hadi mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo usilihukumu mwezi wa pili. Likinge na jua kwa kofia, kitambaa au mafuta ya kuzuia miale, maana ngozi yetu nyeusi huweka weusi wa ziada palipojeruhiwa. Na usilipake krimu za kuchubua. Nyingine zina zebaki au steroidi kali, na zitakuachia tatizo kubwa kuliko kovu.

Jambo moja halitatuliwi na tarehe ya nyuzi, nalo ni keloidi, lile kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya kidonda. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hurithiwa katika baadhi ya familia, na hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya. Aliyewahi kupata keloidi amwambie daktari kabla ya kukubali kukatwa uvimbe au alama yoyote isiyo ya lazima. Kovu likianza kuwasha na kuvimba baada ya miezi michache, kuna vibandiko vya silikoni na sindano za steroidi zinazosaidia, na husaidia zaidi zikianzwa mapema.

Yule binti nimemwona tena wiki hii. Vitundu vimepungua wekundu, na mama anabandika plasta kila jioni bila kukosa. Aliniuliza afanye nini siku nyingine ikiwa tarehe itaangukia Jumapili na kliniki imefungwa. Nilimwambia kwamba kwa uso aende Jumamosi, abandikwe plasta. Kwa goti angoje Jumatatu.