Uaminifu katika Gofu: Tumnasihije Mwenzetu?
Katika gofu, kila mmoja huaminiwa kuhesabu mapigo yake. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, mpira wa Bobby Jones ulisogea kidogo alipojiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona, lakini alijiongezea pigo la adhabu. Lau asingejiongezea, angekuwa bingwa. Badala yake alitoshana na Willie Macfarlane, akashindwa katika marudiano.

Basi sisi tuchezao pamoja kila wiki, tumfanyeje mwenzetu anayesogeza mpira kwa mguu? Tusimfedheheshe mbele za watu, wala tusimsengenye. Tumwite faragha, tumnasihi kwa upole, kisha sote tukubaliane kanuni kabla ya kuanza. Tukinyamaza, kinyongo kitakua, na tutakachopoteza ni udugu.