Uvumi, Upotoshaji na Imani ya Umma

Nomino 'uvumi' hutokana na kitenzi 'vuma'. Huenea mithili ya upepo, na aghalabu mwenyewe hajulikani. Upotoshaji una mwenyewe, kwani 'potosha' ni kauli ya kutendesha ya 'potoka': sharti awepo anayempotosha mwingine. Wanaozungumzia siasa za Kenya huyachanganya maneno haya mno.

Mnamo tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba tume ya uchaguzi haikutii kikamilifu amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Taarifa zikifichwa namna hiyo, uvumi hupata uwanja.

Mwaka 2022 tume iliweka hadharani Fomu 34A za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, yeyote aweze kuzijumlisha. Hatua hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, tarehe 15 Agosti, makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo hata kabla mwenyekiti hajayatangaza. Raia aliyezisoma fomu kwa macho yake atamwamini nani, viongozi wenyewe wakikanana?

Tarehe 5 Septemba, Mahakama iliidhinisha matokeo. Ilibaini pia kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizowasilishwa kama ushahidi zilikuwa ama za uchaguzi wa 2017 ama za kughushi. Kuyaita hayo uvumi ni kumsitiri mtendaji. Aliyeghushi alijua alitendalo.