Mwalimu Aliyefundishwa na Vyungu na Marimba

Liko swali ambalo aghalabu haliulizwi pale vijana wetu wanapopelekwa chuoni kusomea uchoraji na uchongaji. Twauliza wanafunzi wanafundishwa nini, wamefaulu wangapi, na watapata kazi gani. Hatuulizi yule anayewafundisha naye huchota wapi. Mtungi usiotiwa maji hauwezi kumimina. Mhadhiri wa sanaa aliyeishiwa huwapa wanafunzi yale yale aliyopewa na mwalimu wake miaka thelathini iliyopita, na darasa lake hugeuka kuwa mahali pa kunakili tu.

Kwa maoni yetu ziko chemchemi mbili zilizo karibu na kila chuo cha Afrika Mashariki, nazo hazihitaji nauli kubwa. Ya kwanza ni mafundi wanaofanya kazi leo: wafinyanzi, wasusi, wachongaji na wahunzi. Ya pili ni wanamuziki wanaopiga ala zao mbele ya watu, ambapo msikilizaji huona mikono pamoja na kusikia sauti. Hatusemi haya kwa kubahatisha. Historia ya shule ya sanaa ya Makerere, Kampala, yatupa ushahidi wa kutosha, wa mazuri yaliyotendeka na wa makosa yaliyofanyika.

Mwanzilishi wa shule hiyo alikuwa Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika Shule ya Slade, kisha akasomea ualimu kwa Marion Richardson, mwalimu aliyejulikana sana kwa namna yake mpya ya kuwafundisha watoto kuchora. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, wakakaa miongoni mwa Wakamba.

Hapana shaka mwalimu wa sanaa asingeweza kupata mahali bora zaidi pa kuanzia. Ukambani ni nchi ya vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi ya nyaya za madini, na ya vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya kisu. Tena katika miaka ile ile biashara ya vinyago vya Wakamba ilikuwa ndiyo kwanza inachipuka. Mutisya Munge wa Wamunyu alikuwa amejifunza uchongaji huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao, na majirani wakajifunza kwake. Basi kazi ya mikono ya mahali pale haikuwa masalio ya kale. Ilikuwa ikibadilika, ikipokea kutoka pwani na kutafuta soko, kama kila kitu kilicho hai.

Mwaka 1935 Bibi Trowell alihamia Uganda, na mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu sanaa na kazi za mikono za Afrika na namna ya kuziendeleza shuleni. Mwaka huo huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa shule ya Makerere, ijapokuwa hapakuwa na jengo la shule. Madarasa ya kwanza yalifanyika barazani mwa nyumba yake huko Mulago. Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii: hakuweka kitu mezani na kuamuru kinakiliwe. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, akawataka kwanza waone picha ndani ya nia zao, ndipo washike brashi. Msomaji aliyekulia penye hadithi za jioni ataitambua njia hiyo mara moja.

Mwaka 1942 mkusanyo wa vitu vya Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, ulihamishiwa Makerere, naye Bibi Trowell alikuwa mtunzaji wake kwa muda. Yule yule aliyefundisha kuchora ndiye aliyevishika mikononi vyungu, vikapu, ngao na ngoma. Mtu akishika chungu hujua mambo ambayo picha ya chungu haimwambii: uzito wake, wembamba wa mdomo wake, na mahali ambapo kidole cha mfinyanzi kilipita kwa mara ya mwisho.

Hapa ndipo muziki unapoingia katika habari yetu. Mwaka 1937 aliwasili Uganda Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Berlin na kuiacha Ujerumani kwa sababu ya utawala wa Wanazi. Mwaka 1948 alishika utunzaji wa makumbusho, akaushika mpaka 1957, na katika miaka hiyo alizunguka nchi akinasa muziki wa watu wake. Lakini jambo lililoipa makumbusho hiyo sifa ni kwamba ala hazikuachwa bubu ndani ya makabati ya vioo. Waliajiriwa wanamuziki wa kuzipiga mbele ya wageni. Miongoni mwao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa marimba na ala nyingine za Kiganda, aliyepata kuwa mmoja wa wanamuziki wa kasri ya Kabaka.

Mwaka 1953 Trowell na Wachsmann walitoa kwa pamoja kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Bibi Trowell aliandika juu ya vyombo vya nyumbani, mavazi, silaha na mengineyo. Wachsmann aliandika juu ya ala za muziki. Mpango huo una maana. Ngoma na kikapu viliwekwa ndani ya jalada moja kwa kuwa, kwa hakika, ni ndugu. Kabla ngoma haijawa kazi ya mpigaji, ni kazi ya aliyechagua mti, akautoboa, akawamba ngozi. Kinubi ni kazi ya mchongaji kabla hakijawa kazi ya mwimbaji. Anayetenganisha muziki na kazi ya mikono, na kuuweka kila mmoja katika idara yake na chini ya mkuu wake, ametenganisha vitu ambavyo fundi mwenyewe hakuvitenganisha.

Tutoe mfano mmoja ili msomaji apime. Marimba ya Kiganda iitwayo amadinda ina vibao 12 vya mti vilivyolazwa juu ya magogo ya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza huanza na mfuatano wake wa mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili, akikabiliana naye, huingiza mapigo yake katikati kabisa ya yale ya mwenziwe, bila kugongana hata mara moja. Wa tatu hupiga vibao viwili vya juu, akiokota sauti fulani fulani kutoka katika mchanganyiko huo. Mwendo ukishakolea, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezipiga peke yake. Zimetokana na kupishana kwao.

Sasa mtazame msusi wa kikapu. Ukili mmoja hupita juu, mwingine chini. Rangi nyeusi hujificha na kuibuka. Na ua linaloonekana upande wa nje halimo katika ukili wowote mmoja. Limezaliwa na kupishana. Hatudai kwamba Bibi Trowell aliyaandika maneno haya. Ni maoni yetu sisi. Lakini twadai kwamba mhadhiri wa sanaa anayekaa nusu saa mbele ya wapiga amadinda, kisha akakaa nusu saa mbele ya msusi, atarudi darasani na somo la mpangilio wa umbo na rangi ambalo vitabu vingi havilitoi kwa uwazi namna hiyo. Tena atalipata kwa kuona tu. Akisikiliza sahani ya santuri peke yake asingejua kwamba wimbo ule ni kazi ya mikono sita.

Je, mafunzo hayo yalizaa nini? Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi ya Kenya aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, wenye mama aliyemwinua mtoto juu. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alichora maisha ya kijijini kwao, akarudi kufundisha Makerere, na baadaye akaiwakilisha Tanganyika mjini London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alichora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Watu hawa hawakuchora vikapu. Walichora watu wao, kwa macho yaliyokwisha fundishwa kuthamini kilichopo nyumbani.

Hata hivyo yatupasa kusema na upande wa pili. Bibi Trowell aliogopa mno kwamba mwanafunzi wa Kiafrika angeharibiwa na sanaa ya Ulaya, hata akamnyima sehemu kubwa ya elimu ya sanaa ya dunia. Nia yake ilikuwa njema, lakini kumlinda mtu na elimu ni kumnyang'anya haki ya kuchagua. Cecil Todd, aliyemfuata baada ya yeye kuondoka mwaka 1958, aliufungua mlango huo. Kosa la pili halikuwa lake peke yake, bali la zama zile: vitu vilikusanywa kwa jina la kabila, na fundi aliyevitengeneza mara nyingi hakuandikwa. Twajua kikapu ni cha nchi fulani. Hatujui ni cha mama yupi. Mchoraji wa Ulaya husainiwa hata karatasi aliyojaribia wino.

Kwa nini tunayakumbusha haya leo? Kwa sababu ya jambo lililotokea tarehe 24 Mei, 1966. Siku hiyo majeshi ya serikali ya Uganda yalishambulia kasri ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia ng'ambo, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, na hazikurudishwa mpaka 1993. Katika mashambulio yale ala za kasri ziliteketea, na wanamuziki waliokuwa wakipokezana zamu za kumtumikia Kabaka walitawanyika. Muziki uliotegemea nyumba moja ulipoteza nyumba yake kwa siku moja.

Kama elimu hiyo ingekaa ndani ya kasri tu, sehemu kubwa ingezikwa pale. Lakini Muyinda alikuwa amekwisha kaa miaka mingi makumbushoni akipiga na kufundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watafiti kama Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza kwake tangu mwanzo wa miaka ya 1960 na kuandika jinsi marimba hizo zinavyopigwa. Ni dhahiri kwamba kabati la kioo lisingetosha. Kibao cha marimba kisicho na mpigaji ni kuni nzuri tu. Kilichookoa ni mtu aliyelipwa mshahara ili awafundishe wengine.

Vivyo hivyo nguo za magome za Buganda. Gome la ndani la mti wa mutuba huvuliwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili lipone, na gome likapondwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari mpaka litanuke na kulainika. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Twafurahi, lakini tangazo halipondi gome. Hulipondwa na fundi, na fundi huyo hufa.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa vyuo vyetu vya sanaa na vya ualimu. Kwanza, mhadhiri ahesabiwe kuwa kazini anapokwenda kukaa karakanani kwa fundi au penye ngoma, kama anavyohesabiwa kuwa kazini akiwa maktabani. Pili, fundi na mwanamuziki waalikwe darasani kama walimu, walipwe kama walimu, wala wasiitwe tu siku ya kumpokea mgeni wa heshima. Tatu, kila chombo kinachonunuliwa kwa ajili ya kufundishia kiandikwe jina la aliyekitengeneza, mahali anapokaa, na mwaka.

Mwaka 1957, karibu na kuondoka kwake, Bibi Trowell alitoa kitabu cha maisha yake, akakiita African Tapestry, yaani kitambaa cha Afrika kilichofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi. Alifariki mwaka 1985, na shule aliyoianzisha barazani kwake ingali yabeba jina lake. Yeye alikuwa mgeni, na bado aliona kwamba mwalimu huanza kwa kuwa mwanafunzi wa mfinyanzi na wa msusi. Sisi wenyeji twakaa karibu nao zaidi. Wengi wao watakuwa kazini hata leo jioni, na mlango uko wazi.