KRA Imekuandikia? Jua Msee wa Kukusaidia Kabla Siku 30 Ziishe

Wasee wa Fedha, tuongee ukweli. Emaili ya KRA ikiingia, wengi wetu hufanya vitu mbili. Tunaifunga haraka kama meseji ya landilodi, alafu tunauliza mtaani, "Kuna msee unajua wa KRA?" Na mtaa haukosi majibu. Kuna jamaa wa saiba pale steji, kuna binamu ya mtu "anafanya Times Tower," na kuna yule wa suti anasema hiyo maneno ataimaliza na thao tano.

Mimi nilinaswa hapo. Niliacha chuo nikiwa na PIN, nikaisahau miaka mitatu. Baadaye nikaanza kuandikia watu makala, mteja mmoja akanilipa 40,000. Akakata asilimia 5, yaani thao mbili, akaipeleka KRA venye sheria inasema. Sikuelewa. Nikaenda saiba moja, nikatoa soo mbili, jamaa akanifailia "nil". Nil ni kusema hukupata chochote, na KRA tayari ilikuwa na rekodi kwamba nimelipwa. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Nilikuwa nimempelekea mtu wa kubonyeza kitu kilichotaka mtu wa hesabu.

Kwa hivyo kabla uulize "nani," jiulize shida yako ni ya aina gani.

1. Hujafaili tu

Ritani ya mwaka inafaa kuingia kabla ya Juni 30. Ukichelewa, mtu binafsi anapigwa penalti ya 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, yenye ni kubwa. Hiyo ni kwa kila mwaka uliochelewa. Hapa huhitaji wakili. Anza na KRA wenyewe, pia wako na dawati Huduma Centre ya Makadara. Kuuliza ni bure. Kama deni limekulemea, unaweza kuomba kulipa pole pole.

Chunga tu msee anakuahidi "kufuta" penalti. Ule msamaha wa penalti na riba uliisha Juni 30, 2025. Mwambie akuonyeshe ni sheria gani anatumia.

2. Hesabu zimechanganyikana

Hii ni ya mwenye ploti Tassia, duka kubwa, ama kazi za mtandaoni kama mimi. Kodi ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 ya rent yote, kama unapata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Biashara ya mauzo ya kati ya milioni 1 na 25 inaweza kuwa kwa kodi ya mauzo, asilimia 3. Ukifailiwa mahali si pako, deni linakua ukiwa umelala.

Hapa tafuta mhasibu wa CPA ama ajenti wa kodi. CPA wa ukweli ni mwanachama wa ICPAK. Ajenti naye lazima awe na leseni, na kwa iTax kuna sehemu ya kuhakikisha inaitwa Agent Checker. Ni dakika mbili tu. Akikasirika juu umemcheki, umepata jibu.

3. KRA inasema unadaiwa, na hukubali

Hapa ndio watu huumia, juu saa inahesabu. Ukipata makadirio ya kodi hukubaliani nayo, una siku 30 kuandika pingamizi. Si kupiga simu, ni kuandika, ukitoa sababu na stakabadhi. Ile sehemu ya deni unakubali, unailipa ama unapanga venye utailipa. KRA nayo ina siku 60 kuamua, na ikinyamaza hadi ziishe, pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Ikikukatalia, una siku 30 zingine kwenda Tax Appeals Tribunal. Baada ya hapo ni Mahakama Kuu. Ukikaa ukingoja binamu wa Times Tower hadi siku zipite, KRA inaweza kuandikia benki yako ikatwe moja kwa moja.

Tribunal unaweza kujitetea mwenyewe, ama uende na ajenti ama wakili. Muulize huyo ajenti: umeandika mapingamizi mangapi, na yaliishaje? Kufaili ritani na kupigana kesi si kazi moja. Lakini kama kuna harufu ya mashtaka ya jinai, tafuta wakili siku hiyo hiyo, na uhakikishe kwa Law Society of Kenya kwamba ana cheti cha mwaka huu.

Yeyote utakayemchagua

Usimpe neno lako la siri la iTax. Ajenti halali unamuongeza kwa akaunti yako, anaingia na PIN yake. Pesa ya kodi haitumwi kwa namba ya mtu. Unatoa namba ya malipo kwa iTax, unalipa benki ama paybill ya serikali, 222222. Bei yake muandikiane kabla aanze, na akupe nakala ya kila kitu amepeleka.

Na yule wa "nina mtu ndani"? Hiyo ni hongo, na ni kosa lako pia. Alafu deni bado linabaki kwa sistimu.

Yangu iliishaje? CPA mmoja wa hapa mtaani aliniuliza maswali nusu saa kabla aguse kompyuta. Kumbe mapato yangu ya mwaka mzima hayakufika 288,000, kwa hivyo sikuwa na kodi ya kulipa. Ile thao mbili nilifaa kurudishiwa, na ile "nil" ndio ilikuwa imeizika. Akarekebisha ritani, tukaomba irudi. Penalti za ile miaka mitatu, thao sita, nililipa mwenyewe pole pole.

KRA haimjui jamaa wa saiba. Inajua PIN yako. Kama hiyo emaili bado iko hapo haijafunguliwa, ifungue leo uangalie tarehe.