Masanja: kutoka komedi hadi mpunga wa Mbarali

Wadau, vijana wengi hapa Mbeya na Iringa wananiambia wanataka kuwa wachekeshaji. Safi sana. Ila kabla hujapanda basi la Dar, mwangalie kwanza Emmanuel Mgaya, yule tunayemjua kama Masanja Mkandamizaji.

Jina Masanja ni la Kisukuma, lakini jamaa ni wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Alilivaa kazini, likamganda. Miaka ya 2000 yeye na Joti, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na wenzao waliitikisa nchi na Ze Comedy pale EATV. Mimi nilikuwa nawasubiri wawili tu, yeye na Joti. Wakitokea pamoja, mbavu sina!

Kisha kundi likahamia TBC1, ukazuka mvutano wa jina. Ze Comedy ikabaki EATV, wao wakawa Orijino Komedi. Somo liko hapo. Waliochekesha ni wao, lakini jina la kipindi hawakuondoka nalo. Ukihama unabeba sura yako, sauti yako na jina lako la kisanii, basi.

Masanja hakukaa kusubiri kipindi kimlishe. Aliimba injili, akahubiri, akalima mpunga Mbarali. Mtu wa Usangu anajua hiyo si kazi ya kupigia picha: maji ya mfereji mnagawana, ndege wanashambulia, na wakati wa mavuno bei ya gunia inaporomoka. Lakini shamba halikuulizi kama bado unaonekana kwenye TV.

Umaarufu nao una mipaka yake. Mwaka 2015, baada ya mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, kufariki kwa ajali ya helikopta, Masanja aliomba CCM imsimamishe. Ludewa, ambayo hadi 2012 ilikuwa mkoa wa Iringa, wana-CCM wakamchagua Deo Ngalawa. Mtu anaweza kucheka na wewe jioni, asubuhi akampa kura mwingine.

Kwa hiyo mdau, chekesha. Ila kabla ya kusaini mkataba uliza: hili jina ni la nani siku nikiondoka? Na hela ya kwanza ikiingia, kabla ya kufikiria gari, ulizia bei ya ekari Mbarali, au shamba la miti Mufindi.

Nawasilisha.