GARI LA MIZIGO NALO LIPIGWE PICHA

Treni ya abiria hupokewa. Wako wanaoingojea kwa vikapu na kanga mpya. Na ikiwa ni njia mpya inayofunguliwa, basi huwapo ngoma, utepe na mkasi, na wapiga picha hukosa hata mahali pa kusimama. Gari la mizigo halina wa kulipokea. Anayeliona zaidi ni mwenye baiskeli aliyezuiliwa kwenye kivuko cha reli, naye huyahesabu mabehewa kwa hasira, akitaka yaishe apite zake sokoni. Walakini yamkini gari hilo ndilo lililobeba saruji ya nyumba yake, ngano ya mkate wake na mafuta ya basi alilolikosa. Leo twapenda kulisemea neno.

Hebu tuzitazame picha za reli zilizotufikia. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, twaijua kwa macho kwa sababu mpiga picha mmoja, William D. Young, alichukua kamera yake akaifuata kazi ilivyokwenda. Wafanya kazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa kama 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Twaona migongo yao imeinama juu ya mataruma. Majina yao picha haisemi.

Kisha zikaja injini kubwa za Garratt, daraja la 59. Zilikuwa 34, zimeundwa Manchester na kuletwa kwetu miaka ya 1955 na 1956, kila moja ina uzito wa tani 252 na imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo baina ya pwani na bara, na wageni kutoka Ulaya walisafiri mbali ili kuzipiga picha. Twawashukuru, maana bila wao tungebakiwa na zile mbili zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, zimepoa, hazina maji wala moto. Lakini mgeni alipenda moshi. Alimsubiri mnyama huyo mkubwa atoke kwenye kona, akabonyeza, akaenda zake. Gadi aliyekaa nyuma kabisa akiitazama breki usiku kucha hakuingia katika picha, wala gengi iliyoshindilia kokoto asubuhi ile, wala mama auzaye mihogo ya kuchoma pale treni inapopishana na nyingine.

Hao ndio tunaowataka, na anayeweza kuwapata ni mtu apitaye hapo kila siku. Zamani kamera ilikuwa mali ya tajiri. Siku hizi fundi wa Buguruni, karani wa Morogoro na mkulima wa Kaliua wanazo mifukoni, ndani ya simu, nao huzitumia kupiga picha za arusi na sahani za pilau. Hatuwakatazi! Twasema tu kwamba mtu anayevuka reli asubuhi akienda kazini na jioni akirudi na mchele ana nafasi ambayo mgeni wa Ulaya hakuwa nayo hata kwa fedha: aweza kulipiga picha gari lile lile, mahali pale pale, masika na kiangazi, mwaka hata mwaka.

Wala asidhani kwamba picha za namna hiyo zitafanana zote. Atazame mabehewa. Liko la wazi, liko lililofunikwa, liko la tangi, liko bapa la kubebea makontena. Na gari zima husomeka kama hati ya bandari. Liendalo bara lina mafuta, mbolea na bidhaa za majirani zetu. Lirudilo, kama ni katika reli ya TAZARA, huenda lina shaba ya Zambia. Mabehewa yakirudi matupu wiki baada ya wiki, hilo nalo ni jambo, na picha yenye tarehe italishuhudia vizuri kuliko kumbukumbu zetu sisi wazee wa barazani. Kwa hiyo hatuna budi kusisitiza: tarehe, mahali, namba ya injini, na jina la mtu aliyemo kama amekubali kupigwa. Picha isiyo na maandishi haya, baada ya miaka thelathini, ni karatasi nzuri tu.

Faida nyingine ni ya kazi hasa. Baina ya Kilosa na Gulwe Reli ya Kati hufuatana na mto, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata njia vibaya, safari zikasimama. Mto haubomoi ukingo kwa siku moja. Mwenyeji aliyelipiga picha gari la mizigo kutoka mlango wa duka lake kwa miaka mitano amepiga vilevile picha ya ukingo ukimomonyoka, pasipo kukusudia, na mhandisi mwenye akili atamwomba azione.

Iko hofu ya askari, nasi hatuipuuzi. Penye bango la katazo, katazo liheshimiwe, na katika stesheni au yadi ruhusa iombwe kwanza. Lakini twawaambia pia wakubwa wa reli kwamba katika dunia ambayo reli zote zaonekana kutoka angani, kumnyang'anya kijana simu yake kwa sababu ya behewa la saruji si ulinzi. Waandike wazi mahali palipokatazwa na paliporuhusiwa. Naye mpiga picha asimame mbali na reli, asipande tuta, kwa kuwa gari lililojaa mzigo likifunga breki huendelea mamia ya mita kabla ya kusimama, na dereva hana usukani wa kumkwepa mtu.

Wasomaji wa Kusini watatuelewa upesi. Kwao ilikuwako reli, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga, ikafika Nachingwea. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Wako vijana wa Mtwara leo wasioamini kwamba gari la moshi lilipata kupita kwao. Aliye na picha ya behewa la reli ile, hata kama limeonekana nusu nyuma ya bega la shangazi yake, alitoe sandukuni kabla mchwa hawajalifikia, aandike nyuma yake ni wapi na ni nani.